Salme binti Said: Binti wa Sultani na somo la makochi

KWA wiki tatu sasa nyumbani kwangu hapa Dzaleka mazungumzo ni mamoja tu: makochi. Mama watoto anataka seti kamili, yaani kochi la watu watatu, la watu wawili na mawili ya mtu mmoja mmoja, pamoja na meza ya kulia chakula yenye viti sita. Mimi nataka meza, viti vinne na mkeka mkubwa. Akiba tuliyonayo inatosha jambo moja, haitoshi mawili.

Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa njia. Wapo waliokwisha kurejea makwao Burundi, Rwanda na Kongo baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Wapo wafanyabiashara wanaovuka Songwe, Tunduma na Mchinji karibu kila mwezi. Ninyi hamhitaji kuambiwa kwamba kununua kochi ni rahisi, kazi ni kulihamisha. Kwa hiyo leo sitawaletea orodha ya bei. Nitawasimulia maisha ya mtu aliyefariki miaka mingi iliyopita, ambaye aliijua nyumba iliyojaa vitu vya thamani, akaiacha kwa usiku mmoja, na hakuipata tena. Mtu huyo ni Salme binti Said wa Unguja, ambaye Wazungu walimwita Emily Ruete.

Sebule za Dzaleka

Kwanza niwaeleze wasioijua Dzaleka. Kambi hii iko wilaya ya Dowa, mwendo wa kilometa arobaini na kitu kutoka Lilongwe. Ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ambako enzi za Rais Kamuzu Banda walifungwa wapinzani wa kisiasa. Ilikusudiwa kwa watu kama 10,000, leo imebeba zaidi ya 50,000. Nyumba ni za matofali, nyingi ndogo, na sebule yenyewe mara nyingi usiku hugeuka chumba cha watoto.

Mwaka 2023, agizo la kuwataka wakimbizi wote waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee kambini lilipoanza kutekelezwa, familia nyingi zilifika hapa na mizigo yao juu ya malori. Niliona kwa macho yangu seti za makochi zikishushwa mbele ya vyumba ambavyo milango yake haikuweza kupitisha hata kochi la mtu mmoja. Makochi hayo yalikaa nje, yamefunikwa turubai, mpaka mvua na panya wakamaliza kazi. Waliokuwa na meza za kufungua miguu waliziingiza ndani siku ile ile.

Jambo la pili limetokea mwezi uliopita. Jirani yangu, mama mmoja wa Kirundi, alipata habari ya safari. Alikuwa na siku chache tu za kujiandaa. Makochi aliyoyanunua kwa jasho la miaka miwili aliyauza kwa bei ambayo isingetosha kununua sponji peke yake. Alipokuja kutuaga alikuwa na masanduku mawili na mkeka uliokunjwa. Siku hiyo ndipo nilipomkumbuka Salme.

Mtoto wa Mtoni

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kukifanya kisiwa hicho kuwa kisiwa cha karafuu. Mama yake, Jilfidan, alikuwa mwanamke wa Kicherkesi kutoka milima ya Kaukasi. Aliletwa akiwa mtoto kama mtumwa, akawa suria wa Sultani. Sayyid Said alipofariki baharini mwezi Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman, aliacha watoto 36 walio hai.

Miaka mingi baadaye, akiwa Ujerumani, Salme aliandika kitabu cha kumbukumbu zake kwa ajili ya wanawe. Kilichapishwa Berlin mwaka 1886, na miaka miwili baadaye kikatoka kwa Kiingereza. Humo alieleza kwa undani jinsi nyumba za kwao zilivyopambwa, na mtu anayetafuta vyombo vya sebuleni ana mengi ya kujifunza.

Kwa maelezo yake, kuta za vyumba zilikuwa nene na zimepakwa chokaa, nazo zilijengwa na mashubaka marefu yaliyofika karibu na dari. Mashubaka hayo yaligawanywa kwa mbao za rangi ya kijani, na juu ya mbao hizo zilipangwa sahani za kaure, bilauri na vyombo vya kioo kwa mpangilio maalumu. Vioo vikubwa viliagizwa kutoka Ulaya, vingine kuanzia sakafuni hadi juu. Saa za ukutani na za mezani zilipendwa mno. Sakafuni yalitandikwa mazulia ya Kiajemi au mikeka laini.

Vitanda vilikuwa samadari kubwa za mbao ya sesemu zilizochongwa na mafundi wa India, zenye miguu mirefu kiasi kwamba mtu alipanda kwa kukanyaga kiti au kwa kusaidiwa na mjakazi. Chini ya kitanda palibaki nafasi ya yaya kulala. Makabati ya nguo hayakuwapo. Badala yake kila chumba kilikuwa na makasha mawili, matatu au zaidi, makubwa, ya sesemu, yaliyopigwa misumari midogo ya shaba kwa maelfu.

Tafakari kidogo juu ya kasha hilo, ndugu msomaji. Ni chombo cha watu wa bahari na misafara. Likiwa ndani ya nyumba ni pambo, ukilifunga na kulinyanyua ni mzigo ulio tayari kwa jahazi. Waliolibuni walijua kwamba nyumba huhama.

Viti vipo, watu wanakula chini

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Meza, anasema Salme, zilikuwa adimu na zilipatikana kwa watu wa daraja la juu tu. Viti vilikuwepo vya kila aina na kila rangi. Baba yake alikuwa na samani za Kizungu za kutosha: makochi, meza, viti, hata kabati. Kwa fedha yake angeweza kujaza meli.

Hata hivyo ulipofika wakati wa kula, Sultani na wanawe walikaa chini juu ya mazulia na mikeka. Chakula kiliwekwa juu ya meza fupi mno, ndefu na pana, yenye ukingo kuzunguka uso wake, iliyoinuka kidogo tu kutoka sakafuni. Sultani alikaa kichwani mwa meza, na wanawe walijipanga pande zote mbili kwa utaratibu unaojulikana. Kila aina ya chakula iligawiwa katika sahani kadhaa, watu wawili watatu wakala pamoja. Walikula kwa mkono. Kisu na uma vilitolewa wageni wa Kizungu walipoalikwa.

Samani za Kizungu, kwa maneno mengine, zilikuwa za macho ya wageni. Maisha yenyewe yalikuwa mkekani. Jambo hili nimeliona hapa kambini na nimeliona Lilongwe. Nimeingia nyumba zenye makochi mazuri yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, watoto hawaruhusiwi kuyakalia, na familia nzima inakula jikoni juu ya ndoo na vigoda. Chumba kikubwa kuliko vyote kimeachiwa mgeni ambaye huja mara mbili kwa mwaka.

Lakini tusilisifu jumba la Sultani kupita kiasi. Mezani pale masuria hawakuketi. Mama yake Salme, aliyemzaa binti wa Sultani, hakula pamoja na Sultani maisha yake yote. Unapochagua meza unachagua pia nani atakaa na nani atasimama. Meza ya watu wanne katika nyumba ya watu tisa inawaondoa watano kila siku, na kwa kawaida tunajua ni akina nani: mama, na mabinti wanaopakua.

Utajiri ule ulitoka wapi

Kuna sababu nyingine ya kumzungumzia Salme hapa Malawi. Kaure, vioo na makasha ya sesemu vililipwa na karafuu na pembe za ndovu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Wengi wa watumwa hao walitoka katika nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa. Nkhotakota, mji wa ziwani ambao leo tunaufikia kwa basi kutoka Lilongwe, katika karne ya 19 ulikuwa kituo kikuu cha biashara hiyo. Uliwekwa na mfanyabiashara kutoka pwani aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, aliyejihesabu kuwa mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar. Watu walivushwa ziwa kwa majahazi, wakatembezwa kwa miguu hadi Kilwa, na kutoka huko wakapelekwa Unguja.

Uislamu wa Nkhotakota na maneno ya Kiswahili yanayosikika kando ya ziwa yana mizizi katika historia hiyo. Salme mwenyewe alimiliki watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa dhidi ya Wazungu waliotaka kuukomesha. Sitaificha habari hiyo kwa sababu tu nampenda mwandishi. Mwaka 2019 mjini Hamburg uwanja mmoja ulipewa jina lake, na mwaka uliofuata ikaamuliwa jina hilo liondolewe kwa sababu ya maandishi yake juu ya utumwa. Kila samani ina historia ya mikono iliyoitengeneza na mikono iliyoilipia.

Usiku wa kuondoka

Salme alikuwa msichana wa kichwa kigumu. Wasichana wa jumba lao walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hakukuwa kwa wasichana. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimponza. Mama yake alifariki mwaka 1859, na mwaka huo huo kaka yake Barghash alipanga kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa Sultani. Salme, msichana wa miaka 15, ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za njama hiyo. Waingereza walimsaidia Majid, njama ikavunjika, na Barghash akapelekwa Bombay. Salme alikwenda kuishi shambani. Alipopatana tena na Majid, Barghash na dada yake Khole wakamkasirikia, na uchungu huo haukuisha.

Baadaye alirudi mjini, akakaa nyumba iliyopakana na ya mfanyabiashara kijana wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Walipendana, na Salme akapata mimba. Kwa binti wa Sultani, Mwislamu, hapakuwa na njia ya kubaki salama. Mwezi Agosti 1866 alipanda usiku meli ya kivita ya Waingereza, Highflyer, ikampeleka Aden.

Alikuwa na mashamba na nyumba, lakini shamba halipandi meli. Samadari haipandi boti usiku wa giza. Mtu anayekimbia huchukua kinachochukulika, na wengi wenu mnaosoma hapa mnajua vizuri kuliko mimi nitakavyoeleza.

Aden alijifungua mtoto wa kiume. Heinrich alimfuata mwezi Mei 1867. Tarehe 30 ya mwezi huo Salme alibatizwa kwa jina la Emily, wakafunga ndoa siku hiyo hiyo, wakaanza safari ya Ulaya. Mtoto wao hakufika. Alifariki njiani, nchini Ufaransa.

Milango iliyofungwa

Hamburg, Salme aliingia katika nyumba ya mfanyabiashara mwenye uwezo, karibu na ziwa la Alster. Safari hii viti na makochi havikuwa vya wageni tena, vilikuwa ndiyo maisha. Alikaa kitini kula, akakaa kitini kuzungumza, akakaa kitini kushona. Mtu pekee aliyeweza kusema naye kwa raha alikuwa mumewe, kwa kuwa aliujua Uswahili wa Unguja. Kilichomsumbua sana ni milango. Kwao Unguja milango na madirisha vilikaa wazi mchana kutwa na upepo wa bahari ukapita. Huku kila chumba kilifungwa, kwa baridi na kwa desturi.

Walipata watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Miezi michache baada ya kuzaliwa huyo wa mwisho, Agosti 1870, Heinrich alipata ajali ya tramu ya kuvutwa na farasi akafariki. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26. Sheria ya wakati huo haikumpa mjane uhuru wa kusimamia mali ya watoto wake, wakawekwa wasimamizi. Fedha zikapungua.

Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya kuhama. Aliishi Dresden, Rudolstadt, Berlin na Köln. Alifundisha Kiarabu ili apate riziki. Kila aliyewahi kuhama na watoto wadogo anajua maana yake: kila mji ni chumba kingine, kila chumba kina mlango wa kipimo chake, na kila safari kuna kitu kinachobaki nyuma.

Kurudi si kurudi nyumbani

Alitaka haki yake ya urithi na alitaka kuwaona ndugu zake. Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa ndiye alikuwa Sultani, alizuru London. Salme akaenda huko akitumaini kuonana naye, lakini Waingereza hawakutaka, akarudi mikono mitupu. Mwaka 1885, baada ya miaka 19, alifika Unguja pamoja na meli za kivita za Ujerumani. Serikali ya Bismarck ilikuwa na mambo yake na Zanzibar, na Salme alikuwa karata mkononi mwao. Watu wa mjini walimshangilia njiani. Barghash alikataa kumpokea.

Alikwenda kulitazama jumba la Mtoni alikozaliwa. Alikuta limekuwa gofu. Mabafu na ngazi alizozikumbuka zilikuwa zinabomoka. Waliorejea makwao na kukuta kiwanja kimekaliwa na mtu mwingine, au ukuta mmoja umesimama katikati ya majani, watamwelewa bila maelezo zaidi.

Mwaka 1888 alirudi tena, akashindwa tena. Kisha akaenda kuishi Mashariki ya Kati, Jaffa na Beirut, kwa karibu robo karne, na mwaka 1914 akarudi Ujerumani. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe. Pamoja naye uliwekwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa ameutunza miaka yote.

Mwaka 1994, mwaka ule ule Dzaleka ilipopokea wakimbizi, jumba la zamani la masultani mjini Unguja lilifunguliwa kuwa makumbusho, na chumba kimoja kikatengwa kwa kumbukumbu yake.

Turudi kwa mafundi wa Lilongwe

Nilimsimulia mama watoto habari hizi nikidhani nimeshinda mjadala. Nilimwambia hata binti wa Sultani alibakiwa na mchanga tu, sasa sisi makochi ya nini. Akanijibu kwa upole kwamba Salme aliishi ugenini zaidi ya miaka 57, na kwamba mtu hawezi kukaa miaka 57 juu ya sanduku akisubiri. Sisi wenyewe, akasema, tuna miaka 17 hapa, na watoto wetu wamekua wakila juu ya ndoo zilizogeuzwa, kwa sababu kila mwaka baba yao anasema mwakani tutaondoka.

Sikuwa na jibu. Jumamosi tukapanda basi dogo kwenda Lilongwe, tukiwa na uzi tuliopimia mlango, kimo chake na upana wake, na urefu wa ukuta wa sebule. Nawashauri wote mfanye hivyo kabla ya kutoa fedha.

Mafundi wa kando ya barabara walitupokea vizuri, wakimwita mke wangu mayi na mimi bambo. Tulijifunza mambo kadhaa ambayo yatawafaa wanunuzi na wachuuzi.

Kwanza ni mbao. Zipo za paini, nyingi zikitoka mashamba ya miti ya Viphya kaskazini. Ni nyepesi na za bei nafuu, lakini zikiwa mbichi hupinda. Upo mlombwa, ambao Watanzania wanauita mninga. Ni mzuri, hauliwi ovyo na wadudu, na bei yake iko juu. Upo mkaratusi, mgumu na mzito. Fundi mwaminifu atakuonyesha mbao kabla hajaipaka vanishi. Ikiwa imekwisha pakwa, geuza kiti uangalie chini, huko rangi haifichi.

Pili ni mifupa ya kochi. Kitambaa kinavutia macho, lakini kochi ni fremu na sponji. Linyanyue kwa pembe moja ya mbele. Pembe ya pili ikichelewa kufuata, au ukisikia mlio, fremu ni dhaifu. Bonyeza sponji kwa goti kisha uachie. Ikichelewa kurudi, baada ya miezi sita utakalia ubao.

Tatu ni viungo. Mwambie fundi afunge miguu ya meza kwa bolti na nati, siyo gundi na misumari. Meza ya namna hiyo inapita mlango wowote, na kwenye lori uso wake unalazwa kama ubao. Wafanyabiashara wa mipakani wanajua kwamba nafasi ndani ya lori ni fedha. Fundi Michael Thonet huko Austria alilijua hilo tangu mwaka 1859, alipotoa kiti cha vipande sita vya mbao na skrubu chache. Viti 36 vya aina hiyo, vikiwa vimefunguliwa, viliingia katika sanduku la meta moja ya ujazo, vikasafirishwa dunia nzima. Na hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa Malawi kipo kile kiti cha machifu, cha mbao mbili zilizochongwa, moja ikichomekwa katika tundu la nyingine. Ukichomoa, unakibeba kwapani.

Nne ni hesabu ya watu. Hesabu wanaokula nyumbani kwako kila siku, siyo wanaokuja sikukuu. Hao ndio wenye meza.

Mwishowe tuliagiza meza ya mlombwa ya watu sita yenye miguu ya bolti, viti vinne na benchi moja la watoto, ambalo ni rahisi kuliko viti na huchukua watu wengi. Mkeka mkubwa tunao. Kuhusu makochi, mama watoto alichagua moja la watu wawili, lenye mikono ya kufungua, baada ya kulipima kwa uzi wetu mara tatu. Nilitaka kubisha, nikakumbuka ndoo zilizogeuzwa.

Fundi ameahidi kumaliza baada ya wiki mbili. Safari ikitokea kabla ya hapo, tutajua la kufanya. Isipotokea, watoto tisa wa nyumba yangu na wa marehemu kaka yangu watakula pamoja na mama zao mezani, benchini na mkekani, na hakuna atakayesimama. Nawatakia waliorejea makwao nyumba zenye milango mipana, na walio safarini mizigo myepesi.